Vijana wa Miaka 17 na Udongo wa Paris

Udongo ndio uwanja wa polepole kuliko vyote vinavyochezewa tenisi ya kulipwa. Mpira uliopigwa kwa nguvu ukitua juu yake hupungua kasi na kunyanyuka, na mpokeaji hupata nafasi ya kuufikia, kujiweka sawa na kuurudisha. Bingwa aliyezoea kumaliza kazi kwa mapigo mawili matatu hulazimika kupiga kumi, kumi na tano, ishirini. Hapo ndipo kijana mwenye mbio, pumzi na subira hupata mlango ambao kwenye nyasi angeukuta umefungwa.

Mwaka 1989 ulilionyesha jambo hilo waziwazi kuliko mwaka mwingine wowote. Katika mashindano ya Ufaransa yanayochezwa Roland Garros, mjini Paris, ndani ya siku 6 tu, kuanzia Juni 5 hadi Juni 10, namba moja wa dunia kwa wanaume na namba moja wa dunia kwa wanawake waling'olewa na wachezaji wa miaka 17. Michael Chang wa Marekani alimtoa Ivan Lendl katika raundi ya nne. Arantxa Sánchez Vicario wa Hispania akamfunga Steffi Graf katika fainali. Siku moja baada ya fainali hiyo Chang naye alitwaa kombe la wanaume, na mashindano yakafungwa vikombe vyote viwili vya mchezaji mmoja mmoja vikiwa mikononi mwa vijana ambao hawajatimiza miaka 18.

Uwanja wenyewe unastahili kuelezwa kwanza, kwa sababu bila kuuelewa ushindi huo huonekana kama bahati. Roland Garros ulijengwa mwaka 1928 ili Ufaransa ipate mahali pa kulitetea Kombe la Davis, mashindano ya tenisi ya timu za mataifa. Ulipewa jina la rubani wa Kifaransa aliyekuwa wa kwanza kuruka kwa ndege kuvuka Bahari ya Mediterania mwaka 1913, na aliyeuawa vitani mwaka 1918. Wekundu wake maarufu unatokana na matofali yaliyosagwa yakawa unga. Unga huo ni mwembamba mno, unene wa milimita 1 au 2 tu. Chini yake kuna tabaka la chokaa nyeupe iliyopondwa na kushindiliwa, ambalo hushika maji na kuufanya uso wa uwanja usitifuke. Chini zaidi kuna masalia ya makaa yaliyoungua, kokoto na mawe ya kupitishia maji ya mvua. Wafanyakazi huumwagilia uwanja na kuuburuzia nyavu ili unga ulale sawasawa. Siku ya jua kali udongo hukauka na mpira hukimbia kidogo. Siku ya mawingu na unyevunyevu mpira hubeba vumbi, huwa mzito, na mchezo huzidi kuwa wa polepole.

Mpira unapogusa chembe hizo za matofali, upande wake wa chini hukwaruzwa na kushikwa. Ile kasi ya kwenda mbele hupungua sana, na mpira huinuka wima zaidi kuliko ulivyoingia. Kwenye nyasi mambo ni kinyume: mpira huteleza na kubaki chini, na mwenye mpigo mkali wa kuanzia huvuna pointi kabla mwenzake hajageuza mwili. Mchezaji anayeusugua mpira kutoka chini kwenda juu, ukawa unajizungusha kuelekea mbele, hufaidika maradufu kwenye udongo, kwa kuwa mzunguko huo hushika vumbi na mpira huruka hadi usawa wa bega la mpokeaji, mahali ambapo ni vigumu kuupiga kwa nguvu. Udongo pia huruhusu kuteleza. Mchezaji aliyelelewa juu yake huanza kuteleza kabla hajaufikia mpira, hupiga akiwa bado anaserereka, kisha hujikita na kurudi katikati. Asiyezoea hukimbia, hufunga breki, na hupoteza hatua mbili kila mara.

Kuna jambo jingine, nalo ni muda. Wanaume katika mashindano makuu manne, yaani ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, hucheza hadi mmoja apate seti 3, na seti kwa kawaida hupatikana kwa kushinda gemu 6 kwa tofauti ya gemu 2 au zaidi. Wanawake huhitaji seti 2. Kwenye udongo, pointi zikirefuka, mechi ya wanaume yaweza kupita saa 4. Mchezaji aliyezidiwa saa ya kwanza huwa hajapotea, maana bado anao muda wa kumsoma mwenzake na kubadili mpango.

Ivan Lendl aliyajua hayo yote, tena kwa mwili wake mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1960 mjini Ostrava, katika nchi iliyoitwa wakati huo Czechoslovakia, na ndiye aliyeifundisha tenisi ya miaka ya 1980 maana ya mazoezi ya viungo, chakula kilichopimwa na maandalizi ya miezi kwa ajili ya mashindano ya wiki mbili. Mpigo wake wa mbele ulikuwa mzito kuliko wa mtu yeyote wa zama zake. Kombe lake kuu la kwanza alilipata papo hapo Paris mwaka 1984, katika fainali dhidi ya John McEnroe ambaye hakuwa amefungwa hata mechi moja mwaka ule. Lendl alipoteza seti mbili za mwanzo, akarudi, akashinda tatu zilizofuata. Alilitwaa tena kombe hilo mwaka 1986 na 1987. Alipofika Paris mwaka 1989 alikuwa na umri wa miaka 29, namba moja duniani, bingwa wa Australia wa mwaka huohuo, na mwenye makombe makuu 7 kwa jumla. Haikuwepo sababu ya wazi ya kumhofia mtoto aliyepangwa nafasi ya 15.

Mtoto huyo, Michael Chang, alizaliwa Hoboken, New Jersey, Februari 1972, katika familia ya wahamiaji wa asili ya Kichina. Kimo chake kilikuwa mita 1.75, kifupi kwa mchezaji wa kulipwa, na mpira wake wa kuanzia haukumtisha mtu. Amesimulia kwamba kabla ya hapo, baada ya mechi ya maonyesho, Lendl alimwambia wazi kuwa hana silaha ya kumuumiza mpinzani. Anachojua ni kukimbia. Maneno hayo yalikuwa makali, lakini hayakuwa ya uongo. Chang alikwenda akaifanya mbio hiyo kuwa silaha. Mwalimu wake mwaka ule alikuwa José Higueras, Mhispania aliyewahi kufika nusu fainali ya Roland Garros mara mbili na kuufahamu udongo kwa undani. Katika raundi ya pili Chang alimfunga Mmarekani mwenzake, Pete Sampras, 6-1, 6-1, 6-1. Sampras huyo baadaye alishinda makombe makuu 14, lakini la Paris hakulipata kamwe.

Wiki hiyo haikuwa ya tenisi peke yake kwa familia ya Chang. Usiku wa Juni 3 kuamkia Juni 4 jeshi la China liliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Beijing, kuelekea na kuuzunguka uwanja wa Tiananmen. Chang ameeleza mara nyingi kwamba familia yake ilikuwa ikifuatilia habari hizo kwenye televisheni kati ya mechi na mechi, na kwamba alitamani kuwapa watu wa asili yake, popote walipo, sababu ya kutabasamu kidogo katika siku zile nzito. Mechi na Lendl ilichezwa Jumatatu ya Juni 5.

Seti mbili za mwanzo zilikwenda kama ilivyotarajiwa: Lendl 6-4, 6-4. Ila namba hizo zilificha jambo. Chang hakuwa anapigwa kirahisi; kila gemu ilimgharimu Lendl mapigo mengi, na bingwa alianza kukasirikia maamuzi ya waamuzi. Seti ya tatu ilikwenda kwa Chang, 6-3. Ndipo katika seti ya nne miguu yake ilipoanza kumsaliti. Misuli ikamkaza mapajani na kwenye mashavu ya miguu, kama inavyotokea mwili unapochoka kupita kiasi na kupoteza maji na chumvi. Sheria za wakati ule hazikumruhusu kutibiwa kwa tatizo la aina hiyo. Kwa hiyo alikunywa maji kwa wingi, akala ndizi, na wakati wa kubadilisha pande alibaki amesimama, kwa hofu kwamba akiketi hataweza kuinuka tena.

Kilichofuata ndicho kinachoifanya mechi hii ifundishwe hadi leo. Chang hakuweza tena kukimbia, basi akaubadili mchezo wote. Alianza kupiga mipira ya juu sana, iliyopaa na kushuka taratibu karibu na mstari wa nyuma, akijipatia sekunde chache za kupumua kila mara. Kwenye nyasi mipira ya namna hiyo ingemmaliza. Kwenye udongo iliruka juu ya bega la Lendl, na Lendl akashindwa kuipiga kwa ule uzito wake. Alipopata upenyo mdogo, Chang alijaribu kuimaliza pointi kwa mpigo mmoja, kwa kuwa mapigo kumi hakuwa nayo tena. Lendl, aliyekuwa amejiandaa kwa mbio ndefu, hakujua amkabili vipi mgonjwa anayekataa kuanguka. Alipaswa kumkimbiza kushoto na kulia kwa mipira mifupi. Badala yake alianza kucheza kwa uangalifu, akingoja mwenzake ajitoe mwenyewe. Seti ya nne akaipoteza 6-3.

Kujitoa kulikaribia. Chang amesimulia kwamba mapema katika seti ya tano alianza kutembea kumwendea mwamuzi kumwambia basi, hawezi tena. Akiwa katikati ya safari hiyo fupi aliona kwamba akiacha mara moja, kuacha mara ya pili kutakuwa rahisi zaidi, akageuka kurudi kwenye mstari. Yeye ni Mkristo wa imani ya dhati, na siku zote ametaja imani hiyo anapoueleza uamuzi ule.

Akiongoza gemu 4 kwa 3, na pointi zikiwa 15-30 dhidi yake, ilikuwa zamu yake kuanzisha. Alijua mpira wake wa kuanzia umekwisha nguvu. Akaushika, akaupiga kutokea chini, usawa wa kiuno, kama mtoto anayejifunza raketi. Lendl alishtuka, akalazimika kukimbilia mbele kuurudisha, akajikuta karibu na wavu mahali asipopapenda, na pointi ikaenda kwa Chang. Uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Wapo walioona kitendo kile ni dharau kwa bingwa. Maoni hayo si ya haki. Sheria za tenisi zinaruhusu kuanzisha mpira kwa namna hiyo, na kwa mtu ambaye mapaja yake hayakunjuki ilikuwa ndiyo njia ya akili kuliko zote. Chang aliishinda gemu ile, ikawa 5-3.

Gemu iliyofuata Lendl ndiye aliyeanzisha, na akajikuta kwenye 15-40, pointi moja kutoka kwenye kushindwa. Mpira wake wa kwanza ulikosea. Kwa ule wa pili Chang alifanya jambo ambalo wachache wangethubutu: alisogea mbele sana, akasimama karibu kabisa na kisanduku cha kupokelea, watazamaji wakishangilia. Lendl alipiga, mpira ukatoka nje. Alikuwa amekosea mipira yote miwili, na mechi ikaisha. Matokeo yalikuwa 4-6, 4-6, 6-3, 6-3, 6-3, baada ya saa 4 na dakika 37. Chang aliangukia magoti kwenye udongo akilia.

Siku tano baadaye, kwenye uwanja uleule, ikaja zamu ya Steffi Graf. Kama ipo mechi ya mwaka ule iliyokuwa na matokeo ya kutabirika, ni fainali hiyo. Mjerumani huyo alikuwa ameshinda makombe makuu yote manne ya mwaka 1988 pamoja na dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, kisha akaongeza Australia mwaka 1989. Fainali ya Paris ya mwaka uliotangulia alimfunga Natalia Zvereva 6-0, 6-0 katika muda unaozidi nusu saa kwa dakika chache tu. Cha kustaajabisha ni kwamba bingwa huyu aliyeonekana kama mkongwe alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Katika nusu fainali alikuwa ameshatikiswa na msichana wa miaka 15, Monica Seles, aliyemnyang'anya seti moja.

Arantxa Sánchez Vicario, mzaliwa wa Barcelona, alilelewa juu ya udongo. Kaka zake Emilio na Javier nao walicheza tenisi ya kulipwa. Alikuwa mfupi, mchangamfu, na hakuukubali mpira wowote kuwa umempita. Mpango wake dhidi ya Graf haukuwa na siri: rudisha kila kitu, ulenge zaidi upande wa mpigo wa nyuma wa Mjerumani, ambao aliupiga kwa kukata na ambao haukuumiza kama ule wa mbele, kisha ngoja. Seti ya kwanza ilifika 6-6, Sánchez akaichukua kwenye gemu ya kuamua. Graf akajibu 6-3. Katika seti ya tatu Graf aliongoza 5-3 na kupata nafasi ya kuumaliza mchezo kwa mipira yake ya kuanzia. Hakuimaliza. Graf hakuwa na afya njema mchana ule na aliutoka uwanja kwa muda mfupi. Lakini si ugonjwa peke yake uliompokonya kombe. Sánchez alishinda gemu 4 mfululizo, na seti ikaisha 7-5. Akawa mwanamke wa kwanza wa Hispania kuwa bingwa wa Roland Garros. Kwa mwaka mzima wa 1989, hiyo ndiyo mechi pekee ambayo Graf alifungwa katika mashindano makuu, kwani Wimbledon na Marekani aliendelea kushinda.

Kesho yake, Juni 11, Chang alimfunga Stefan Edberg wa Sweden kwa seti 5: 6-1, 3-6, 4-6, 6-4, 6-2. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kuwa bingwa wa wanaume Paris tangu Tony Trabert mwaka 1955. Kabla ya fainali alikuwa amepita kwa Ronald Agénor wa Haiti na kwa Andrei Chesnokov wa Umoja wa Kisovyeti, na kila mmoja alimtoa jasho. Hili husahaulika mara nyingi: kumwangusha bingwa katika raundi ya nne hakumpi mtu kombe, na vijana wengi wameshinda mechi ya maisha yao Jumatatu wakafungwa Jumatano.

Udongo basi huwapa nini vijana? Hauwapi ushindi. Huipunguzia makali silaha moja, yaani nguvu, na kuzipa nafasi nyingine kama mbio, hesabu ya pembe, uvumilivu na ujasiri wa kubadili mpango katikati ya mateso. Bingwa mwenye vyote hivyo hubaki salama. Ndiyo maana Rafael Nadal, aliyewahi kuwa upande wa kijana, baadaye akawa ukuta. Juni 3, 2005, siku alipotimiza miaka 19, Nadal alimfunga namba moja wa dunia, Roger Federer, katika nusu fainali ya Roland Garros, na mpira wake wenye mzunguko mkali ulikuwa ukiruka juu ya bega la Mswisi upande wa mpigo wa nyuma, sawasawa na ile kanuni ya unga wa matofali. Aliondoka na kombe katika mwaka wake wa kwanza wa kushiriki, na hatimaye akafikisha makombe 14 ya Paris, akiwa amefungwa huko mara 4 tu kati ya mechi 116.

Nadal huyohuyo alikuja kukutana na kijana wake. Huko Madrid, Mei 5, 2021, Carlos Alcaraz aliadhimisha miaka 18 kwa kufungwa naye 6-1, 6-2. Mwaka mmoja na siku moja baadaye, kwenye mashindano hayohayo na kwenye udongo uleule, Alcaraz alimshinda Nadal kwa seti 3, kesho yake akamshinda Novak Djokovic aliyekuwa namba moja, kisha akatwaa kombe. Hakuwahi kuwapo mchezaji mwingine aliyewafunga wote wawili katika mashindano mamoja ya udongo. Tofauti na Chang, Alcaraz hakungoja bingwa achoke. Alishambulia kwa nguvu na kuchanganya na mipira mifupi inayofia karibu na wavu. Madrid iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na udongo wake huukimbiza mpira kuliko ule wa Paris, jambo lililomfaa.

Baada ya 1989 Lendl hakushinda tena Roland Garros. Mwaka uliofuata hata hakushiriki, akijitayarisha kwa nyasi za Wimbledon ambazo hazikumpa kombe maishani. Sánchez Vicario alirudi kuwa bingwa wa Paris mwaka 1994 na 1998. Chang alipanda hadi namba 2 duniani na kufika fainali nyingine tatu za mashindano makuu, akafungwa zote. Rekodi ya Sánchez ya kuwa bingwa mdogo kuliko wote wa kike Paris ilidumu mwaka mmoja tu, kwa sababu mwaka 1990 Monica Seles alimfunga Graf katika fainali akiwa na miaka 16. Ile ya Chang ingali imesimama: hakuna mwanaume aliyewahi kushinda kombe kuu la tenisi, katika uwanja wa aina yoyote, akiwa na umri mdogo kuliko miaka 17 na miezi 3 aliyokuwa nayo siku ile.